Tunda la soko si tunda la mbegu

Mwisho wa mwezi wa tatu, wakati mvua inaanza kupungua hapa Kipushi, kila mkulima wa mboga anatazama kitalu chake, ile tunaita pepinieri. Nilipita kwa mama mmoja wa koperative anayelima impwa na tomati za kiangazi. Alikuwa na matuta mawili ya impwa, moja karibu na lingine. Udongo ni ule ule, maji ni yale yale, na mkono wa kumwagilia ni mmoja. Tuta la kwanza lilijaa miche, imesimama sawasawa. Tuta la pili lilikuwa na mche mmoja hapa, mwingine kule, katikati udongo mtupu.

"Agronomu," akaniambia, "hii mbegu ilikatala kuota. Ao ni udongo?"

"Si udongo, mama. Mbegu ilitoka wapi?"

Mbegu ya tuta la kwanza alipewa na dada yake. Ya tuta la pili aliitoa yeye mwenyewe. "Nilikata impwa ya kupeleka ku soko ya Kenya," akasema. "Ile ilibakia mu kitunga, njo nilitosha mbegu."

Hapo jibu lilikuwa limepatikana. Impwa ya soko ni nyeupe ama kijani kidogo, ngozi inang'aa, nyama yake ni laini. Inafaa sana kwa chungu na bukari. Lakini mbegu iliyo ndani yake ni mtoto ambaye miezi yake haijatimia. Dada mtu aliacha matunda yake kwenye mti mpaka yakawa mekundu, ngozi ikaanza kukunjamana, hata majirani wakamwambia anapoteza chakula. Kumbe alikuwa anatengeneza mbegu.

Simcheki mama huyu, kwa sababu mimi mwenyewe nilishafanya kosa la namna hiyo. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa nimetoka shule na diploma yangu mkononi, niliambia kikundi kimoja watoe mbegu kwenye tomati zilizokuwa zinageuka rangi tu, nusu kijani nusu nyekundu. Nilikuwa na haraka. Tulipoijaribu wiki ile ile, mbegu iliota, nikafurahi. Tuliiweka kwenye chupa. Baada ya mvua, walipoipanda, sehemu kubwa haikuota, na ile iliyoota ilichelewa, mche mmoja leo, mwingine baada ya wiki. Kikundi kilinunua mbegu ya makopo kwa pesa ambayo hawakuipanga. Tangu siku ile, neno la tunda kukomaa silichukui kwa mchezo.

Mambo yanayopita ndani ya tunda

Ua likishapata chavua, safari ya mbegu inaanza, na ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kujengwa. Mbegu inapata umbo lake: mahali pa mzizi, mahali pa majani ya kwanza, na ngozi ya nje. Wakati huu karibu yote ni maji. Ukiikausha, inakunjamana na kubaki ganda tupu.

Hatua ya pili ni kujazwa. Mti mama unatuma chakula ndani ya mbegu kupitia kamba ndogo inayoishika kwenye tunda, sawa vile mtoto anakula kupitia kitovu. Angalia vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Mbegu inafikia ukubwa wake mapema, kabla haijajaa. Ukipasua impwa ya soko, utaona mbegu zina ukubwa wa kawaida, utasema ziko tayari. Lakini ukubwa si uzito. Gunia linaweza kusimama na bado lina nafasi ya kilo kumi ndani.

Hatua ya tatu ni kukomaa kwenyewe. Chakula kimeisha kuingia, kamba imefungwa, uzito hauongezeki tena. Katika matunda yenye nyama kama tomati, mbegu wakati huu ingali na maji mengi, karibu nusu ya uzito wake. Kwa macho, hakuna jambo kubwa linaloendelea. Lakini ndani, mbegu inajifunza kazi ngumu kuliko zote: kukauka bila kufa, na kulala muda mrefu bila kupoteza nguvu.

Kwa miaka mingi wataalamu walisema kwamba mbegu ikimaliza kujazwa, imefika kileleni, na kuanzia pale inashuka tu. Mtaalamu wa Marekani, Harrington, aliandika hivyo mwaka 1972, na shule nyingi zilifundisha vile. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, huko Uingereza, walipima mbegu za tomati na pilipili hatua kwa hatua. Mwaka 1992 Demir na Ellis walionyesha kwamba katika mimea hii mbegu inaendelea kupata ubora hata baada ya kumaliza kujazwa, na kinachoongezeka zaidi ni uwezo wake wa kukaa muda mrefu kwenye akiba.

Somo hilo linaelezea kosa langu la tomati. Mbegu iliyotolewa mapema kidogo inaweza kuota vizuri ukiijaribu leo. Udhaifu wake hauonekani siku ile. Unaonekana baada ya miezi, kopo likifunguliwa.

Kwa nini jambo hili ni kubwa zaidi kwetu

Tazameni kalenda yetu. Wengi tunalima tomati na mboga wakati wa kiangazi, mabondeni penye maji. Mbegu tunaitoa mwezi wa nane ama wa tisa. Tutaipanda lini tena? Wengi ni mwezi wa tatu ama wa nne unaofuata. Katikati ya hapo kuna mwezi wa kumi na joto lake, halafu mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, wakati hata chumvi jikoni inalowa.

Joto na unyevu ndivyo vinavyoua mbegu. Kuna kanuni ambayo wataalamu wa mbegu wanaitumia: ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, maisha yake yanakuwa karibu mara mbili, ukipunguza joto la mahali inapokaa kwa digrii 5, vilevile. Mbegu yetu lazima ivuke msimu mzima wa mvua ndani ya nyumba ya mabati. Mbegu iliyokomaa inavuka. Ile ya haraka inafia njiani.

Na ikifa, hasara si mbegu peke yake. Ni wiki tatu za kitalu, ni maji, ni nafasi ya kuwa na tomati mapema wakati bei ni nzuri Lubumbashi. Mgodi wa Kipushi uliposimama mwaka 1993, jembe ndilo liliendelea kulisha nyumba nyingi hapa. Hata sasa ambapo mgodi umeanza tena, ni bustani inayolipa minervali ya watoto wa wengi wetu. Kitalu kitupu mwezi wa nne ni mtoto anayerudishwa nyumbani mwezi wa tisa.

Kila tunda na dalili yake

Tomati ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu tunda la kula na tunda la mbegu yanakaribiana. Ngoja iive yote, nyekundu mpaka karibu na kikonyo, na ianze kulegea kidogo mkononi. Ile ya kupeleka mbali, inayokatwa ikiwa ngumu na rangi nusu, usiichukue moja kwa moja kwa mbegu.

Impwa na oberjini ziko mbali na soko. Tunazila zikiwa changa. Kwa mbegu, impwa ibaki kwenye mti mpaka iwe nyekundu ama rangi ya chungwa kabisa. Oberjini ya zambarau ipoteze mng'ao wake, igeuke kahawia na manjano, na ngozi iwe ngumu. Hesabu karibu miezi miwili tangu ua lifunguke.

Pilipili na puavro: ile ya kijani iache. Ngoja rangi yake ya mwisho itokee kote, nyekundu ama manjano, na ngozi ianze kukunjamana. Kumbuka pia kwamba nyuki wanabeba chavua kutoka pilipili kali mpaka puavro. Ukipanda karibu karibu, mwaka kesho utauza puavro inayochoma midomo ya watu.

Gombo tunaikata siku chache tu baada ya ua, ingali laini. Kwa mbegu inahitaji karibu mwezi mmoja na zaidi. Ganda likauke, liwe kahawia, na mistari yake ianze kupasuka. Gombo ya mvua inayokaukia mwezi wa nne inatoa mbegu safi, kwa sababu mvua hailowanishi tena maganda.

Tango la mbegu halifai kuliwa. Linakuwa kubwa, manjano ama kahawia, na ngozi ngumu.

Boga: gonga kwa ukucha. Ukucha usipoingia kwenye ngozi, na kikonyo kikiwa kikavu kama kuni, likate. Lakini usilipasue bado. Nitaeleza sababu.

Neno moja juu ya kuhesabu siku. Vitabu vinasema siku hizi ama zile baada ya ua, lakini vingi viliandikwa kwa mahali pengine. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi yetu munaijua wenyewe. Kwenye baridi tunda linachelewa. Lile linaloiva kwa siku 45 mwezi wa kumi linaweza kuomba wiki mbili zaidi mwezi wa saba. Kwa hiyo kalenda ikukumbushe, lakini rangi, ngozi na kikonyo ndivyo viamue.

Wezi, ndege, na tunda linalopumzika

Najua neno ambalo wengine wanalisema sasa: "Agronomu, nikiacha tomati nyekundu mu shamba wiki mbili, bezi batanishukuru." Ni kweli. Kuna wezi, kuna ndege, kuna ugonjwa wa kuoza.

Habari nzuri ni kwamba mbegu ikishajazwa, inaweza kumaliza kukomaa ndani ya tunda lililokatwa. Kata tunda likiwa limeshabadilika rangi vizuri, lipeleke nyumbani, uliweke kivulini kwenye hewa, bila kulirundika. Tomati ipe siku tatu mpaka tano. Impwa, oberjini, pilipili na tango, wiki moja mpaka mbili. Boga lipe mwezi mmoja ama zaidi, kwa sababu mbegu zake zinaendelea kuvuta chakula kutoka kwenye nyama hata baada ya kukatwa. Mapumziko haya yanasaidia tunda lililokaribia kukomaa. Hayawezi kuokoa tunda changa. Impwa nyeupe ya kitunga, hata uiweke mwezi mzima, mbegu yake itabaki nusu, kwa sababu ilitenganishwa na mama yake kabla ya kushiba.

Usipitishe kiasi pia. Tunda likianza kuoza, joto na maji yake vinaharibu mbegu. Umeshawahi kupasua tomati ya zamani ama boga lililosahauliwa, ukakuta mbegu zimeota ndani? Hizo zimekwisha, hazitarudi kulala. Na gombo iliyoachwa mno inapasuka na kumwaga mbegu chini. Kungoja ni kuzuri, lakini kwa macho wazi.

Hasara ni kiasi gani?

Hapa ndipo mazungumzo yanakuwa magumu, kwa sababu tunda lililoachwa ni tunda lisilouzwa. Basi tuhesabu pamoja.

Mtu anataka kulima tomati ari 10. Anahitaji karibu miche 2,500. Tuseme mbegu 4,000, ili abaki na akiba. Tomati moja nzuri iliyoiva ina mbegu mia moja ama zaidi. Kwa hiyo matunda 40 yanatosha. Chukua 50 ili moyo utulie: matunda 5 kwenye kila mti, miti 10. Na nyama ya tomati hizo bado unaweza kuitia kwenye chungu siku ile ile. Hesabu umepoteza nini. Kwa impwa ni rahisi zaidi, kwa sababu tunda moja lililokomaa lina mbegu nyingi, na matunda machache yanatosha shamba zima.

Ila kuna jambo la kujua kwa gombo na tango. Mti ukibeba tunda linalokomaa, unaanza kuona kazi yake imekwisha, na maua mapya yanapungua. Kwa hiyo usiache tunda moja moja kwenye kila mti wa kuuza. Chagua miti michache ya mbegu tu, na mingine yote uendelee kuivuna kwa soko.

Uchague miti gani? Ile yenye afya, isiyokuwa na majani ya kukunjamana, inayozaa sana, na matunda yenye sura unayoipenda. Chagua mapema, matunda ya kwanza na ya pili yakitokea, wakati mti ungali na nguvu. Desturi yetu ni kinyume: tunauza mazuri yote, halafu mwisho wa msimu tunaokota vidogo vilivyobaki na kusema hivi ni vya mbegu. Tunarithisha watoto wetu mabaki. Funga kitambaa chekundu kwenye mti uliouchagua, na uambie watoto na wafanyakazi: kitambaa hiki hakiguswi, hata mnunuzi akileta bei.

Angalizo moja: kama ulinunua mbegu ya kopo iliyoandikwa F1, usitoe mbegu yake. Tunda litakomaa vizuri, lakini wazao watatawanyika, kila mmoja na sura yake. Na kama koperative inataka siku moja kuuza mbegu rasmi, njia inapita kwa SENASEM, huduma ya taifa inayosimamia ubora wa mbegu. Haya ninayoandika ni kwa mbegu ya mashamba yetu wenyewe.

Kusafisha na kukausha

Kazi ya miezi miwili inaweza kuharibika kwa siku mbili. Tomati: kamua mbegu na ute wake kwenye chombo, usiongeze maji, funika kwa kitambaa. Wakati wa joto iache siku moja ama mbili ichache. Wakati wa baridi inaweza kufika siku tatu. Koroga asubuhi na jioni. Ute ukiachana na mbegu, osha kwa maji mengi. Mbegu nzito zinazama, nyepesi zinaelea: zile zinazoelea zimwage, nyingi hazikujazwa. Ukizidisha siku, zitaota ndani ya chombo.

Kausha kwenye kitambaa ama kitunga, kivulini penye upepo, ukigeuza mara kwa mara. Usianike kwenye mabati saa sita ya mchana, mbegu yenye maji inapikika pale. Kiangazi chetu, na hewa yake kavu, kinatusaidia sana. Mbegu ya boga iliyokauka inavunjika ukiikunja. Ikijipinda tu, bado. Halafu tia kwenye chupa kavu, jaza, funga kabisa, andika jina na tarehe, weka mahali pa baridi, mbali na mabati na mbali na mbabula.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe

Naomba kila kikundi kifanye jaribio hili msimu huu. Chagueni mti mmoja mzuri wa impwa. Fungeni uzi kwenye matunda matatu ambayo maua yake yalifunguka wiki moja. La kwanza likateni likiwa la soko. La pili, rangi ikianza kugeuka. La tatu, likiwa jekundu kabisa, na mulipumzishe wiki moja ndani ya nyumba. Toeni mbegu kwa namna moja, kausheni pamoja, na mutie kila moja kwenye sashe yake na jina lake.

Hesabuni mbegu 50 kutoka kila sashe, zifungeni kwenye kitambaa chenye unyevu, muweke jikoni penye vuguvugu, na muhesabu zilizoota baada ya wiki mbili. Andikeni. Halafu, na hili musilisahau, bakizeni 50 zingine za kila sashe mpaka mvua ipite, na muhesabu tena mwezi wa tatu. Hesabu ya pili ndiyo itakayosema ukweli wote. Leteni daftari zenu kwenye mkutano, tutazisoma pamoja.

Nilipita tena kwa yule mama mwezi wa sita, wakati wa baridi. Impwa zilizotoka kwa mbegu ya dada yake zilikuwa zimesimama vizuri, na wanunuzi walikuwa wanangojea barabarani. Upande wa chini wa shamba niliona miti sita yenye vitambaa vyekundu, na chini ya majani matunda meupe yamening'inia.

"Hizi hauuzi?" nikamuuliza, kumjaribu.

"Hapana, agronomu," akajibu. "Hizi bado ziko na mimba."